Maji Hufuata Waya

Umbilo ni mtaa wa Durban wenye nyumba na karakana, bandari ikiwa jirani, na hewa yake ina chumvi na unyevu. Mvua kubwa ya Aprili 2022 iliua zaidi ya watu 400 jimboni KwaZulu-Natal. Jijini Durban vituo vya kusukuma majitaka viliharibika, uchafu ukamwagikia baharini na fukwe zikafungwa. Maji yakiingia kwenye mota na bodi za umeme za vituo hivyo, jiji zima hulipa.

Wengi hununua boksi la umeme kwa kuangalia alama ya IP67 tu. Alama hiyo ina maana limejaribiwa ndani ya maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. Mafuriko huweza kukaa zaidi ya hapo, tena huja na tope. Wala haikuhakikishii kwamba boksi litastahimili maji ya mpira wa kuoshea yanayopiga kwa nguvu. Kwa kazi hiyo tafuta IP66.

Kinachonisikitisha zaidi ni raba ya kuzibia maji kuchaguliwa kwa ukubwa peke yake. Dukani zote ni nyeusi. Ya EPDM huvumilia jua, maji na mvuke, lakini ikikutana na mafuta ya injini huvimba na kulegea. Penye oili na dizeli weka ya nitraili. Penye petroli na joto kali, weka ya Viton, ingawa bei yake inauma. Silikoni ya kuzibia nayo ina mtego: ile inayonuka siki hutoa asidi inapokauka, na baada ya muda utakuta unga wa kijani kwenye shaba. Ulizia isiyotoa asidi.

Hata boksi lililozibwa vizuri huweza kulowa ndani. Mota ikifanya kazi, hewa iliyomo hupata joto na kutanuka. Mvua baridi ikilipiga boksi ghafla, hewa hiyo husinyaa na kuvuta maji kupitia upenyo wowote, hata katikati ya nyuzi za shaba chini ya ganda la waya. Ndiyo maana mafundi makini huweka kipumulio chenye utando, huingiza kebo kutokea chini, na hawapitishi waya tatu kwenye glandi (kizibo cha kupitishia kebo) ya waya mmoja.

Kwa anayeishi bondeni kando ya mto Umbilo, naweka mbele kupandisha bodi ya umeme juu ya kiwango ambacho maji yalifikia mwaka 2022. Pampu isiyoweza kupandishwa iwe ya aina iliyoundwa kufanya kazi ikiwa imezama.