Idlewild: ziwa la Michigan lililowapokea Wamarekani weusi waliponyimwa fukwe

Karibu na mji mdogo wa Baldwin, kaskazini-magharibi mwa jimbo la Michigan nchini Marekani, kuna ziwa dogo lenye kisiwa kilichounganishwa na nchi kavu kwa daraja. Nyumba za mbao zimetawanyika chini ya misonobari na mialoni, nyingine zikiwa zimefungwa miaka mingi. Kisiwani lipo jengo la klabu ya muziki ambalo halijasikia tarumbeta tangu enzi za mababu wa vijana wa leo. Mahali hapa panaitwa Idlewild. Katika majira ya joto ya miaka ya 1950, wikendi moja iliweza kuleta wageni wanaokadiriwa kufikia 25,000, karibu wote wakiwa Wamarekani weusi.

Walikuja kuogelea, kuvua samaki, kucheza dansi na kulala bila wasiwasi. Mambo hayo ni ya kawaida, lakini wakati huo mtu mweusi hakuweza kuyapata popote alipotaka.

Sababu yake inaonekana vizuri katika tukio moja la Chicago. Tarehe 27 Julai 1919, kijana mweusi wa miaka 17, Eugene Williams, alikuwa akielea na wenzake juu ya chelezo katika Ziwa Michigan. Maji yaliwasogeza hadi wakavuka mstari usioonekana uliotenga upande wa weupe na upande wa weusi. Mzungu mmoja aliyekuwa ukingoni akaanza kuwatupia mawe, na Eugene akazama. Polisi aliyekuwepo alikataa kumkamata mtuhumiwa. Ghasia zilizofuata ziliua watu 38, weusi 23 na weupe 15, na kujeruhi zaidi ya 500.

Mstari huo haukuchorwa na sheria yoyote. Michigan kwenyewe kulikuwa na sheria tangu mwaka 1885 iliyokataza ubaguzi katika maeneo ya umma, na bado mwenye hoteli aliweza kusema vyumba vimejaa, na mwenye ufukwe aliweza kumwonyesha mgeni njia ya kurudi alikotoka. Ubaguzi wa kaskazini haukuhitaji mabango mengi. Kila mtu alijua mipaka ilipo.

Idlewild ilianza mwaka 1912, na waanzilishi wake walikuwa wafanyabiashara weupe. Ndugu wawili wa ukoo wa Branch, pamoja na washirika wao kutoka Chicago, walipata ardhi ambayo makampuni ya mbao yalikuwa yameikata miti na kuiacha. Udongo wake ulikuwa wa mchanga, usiofaa kwa kilimo. Waliigawa katika viwanja vidogo vya takriban mita 8 kwa 30, wakaviuza kwa dola 35 kimoja, kwa malipo ya dola moja moja kila mwezi. Mawakala walipita katika miji ya Chicago, Detroit, Cleveland na kwingineko wakiwatafuta wateja weusi. Haikuwa sadaka. Ilikuwa biashara iliyotambua kwamba kuna watu wenye fedha ambao hakuna mtu mwingine aliyetaka kuwauzia.

Wengi walinunua bila kukanyaga pale hata siku moja. Kwa mtumishi wa ndani au mfanyakazi wa kiwandani, hati ya kiwanja kando ya ziwa ilikuwa na thamani kubwa kuliko mchanga wenyewe. Wageni wa mwanzo walilala katika vibanda vya mbao vya chumba kimoja, vidogo kiasi kwamba wenyewe walivitania kwa kuviita vibanda vya mbwa.

Majina makubwa yaliipa Idlewild heshima. Daktari Daniel Hale Williams, aliyejulikana kwa upasuaji wa moyo alioufanya Chicago mwaka 1893, alinunua ardhi, akajenga nyumba, na akafia huko mwaka 1931. Kisiwa cha ziwani kina jina lake hadi leo. Mfanyabiashara Madam C. J. Walker alinunua viwanja. Vivyo hivyo mwanazuoni W. E. B. Du Bois, ambaye mwaka 1921 alipasifu mahali hapo katika jarida la The Crisis.

Kufika huko kulikuwa shughuli. Familia zilifunga chakula cha kutosha njia nzima, kwa kuwa hazikuwa na uhakika wa mgahawa utakaozihudumia. Kuanzia mwaka 1936 wasafiri weusi walikuwa na kitabu cha mwongozo cha Victor Hugo Green, tarishi wa New York, kilichoorodhesha nyumba za wageni na maduka yaliyowapokea.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mji ulinawiri. Hoteli ya Casa Blanca ilijengwa mwaka 1949, na klabu ya Flamingo ikafuata mwaka 1955. Katika klabu ya Paradise, Arthur Braggs, tajiri wa mji wa Saginaw, aliandaa maonyesho yenye wanenguaji na bendi kamili, kisha akayazungusha katika miji mingine majira ya baridi. Della Reese, Jackie Wilson na kundi la Four Tops walipanda majukwaa ya Idlewild. Weupe wa vijiji vya jirani nao walikuja kusikiliza, bila kuzuiwa mlangoni.

Tarehe 2 Julai 1964, Rais Lyndon Johnson alitia saini Sheria ya Haki za Kiraia. Hoteli, migahawa na kumbi za starehe kote nchini hazikuruhusiwa tena kumkataa mtu kwa rangi yake. Familia zilizokuwa zikiendesha gari usiku kucha kwenda Idlewild sasa zingeweza kwenda zilikotaka, na zikaenda. Wanamuziki nao walipata mikataba katika kumbi kubwa ambazo Idlewild haikuweza kushindana nazo. Klabu zilifungwa moja baada ya nyingine. Hakuna aliyekuja kuubomoa mji. Wateja wake walipata uhuru wa kutouhitaji. Waliobaki wengi walikuwa wastaafu, katika wilaya ambayo leo ni miongoni mwa zilizo maskini zaidi Michigan.

Ni vigumu kuisikitikia sheria hiyo, na pengine ndiyo maana historia ya Idlewild haisimuliwi sana. Hata hivyo, miongo ya kunyimwa fukwe na mabwawa ilikata mnyororo wa mzazi kumfundisha mwanawe kuogelea, na sheria haikuweza kuuunga kwa siku moja. Takwimu za taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, zinaonyesha kwamba watoto weusi wa umri wa miaka 10 hadi 14 huzama katika mabwawa ya kuogelea kwa kiwango cha mara 7.6 kuliko watoto weupe.

Jambo hilo linawahusu pia wanaozungumza Kiswahili. Grand Rapids, mji mkubwa ulio takriban kilomita 110 kusini mwa Idlewild, una jamii kubwa ya Wakongo, wengi wao waliofika kama wakimbizi. Kwa anayevuka mpaka kutoka Windsor, Ontario, safari ya gari hadi Idlewild huchukua takriban saa nne.

Sehemu ya mji imo katika orodha ya kitaifa ya maeneo ya kihistoria tangu mwaka 1979. Jengo la Flamingo na hoteli ya Casa Blanca bado yamesimama, na wenyeji wamekuwa wakihangaika kuyakarabati. Baadhi ya viwanja vile vya dola 35 havijawahi kujengwa chochote. Misonobari imeota upya juu yake.