Kuipamba kompyuta ya mtumba bila israfu

Kwa familia nyingi za kata ya Samuye na mkoa wa Shinyanga kwa jumla, kipato hufuata msimu wa pamba na mpunga. Kompyuta mpakato ikinunuliwa katika nyumba ya namna hiyo, mara nyingi huwa ni ya mtumba: kifuniko kina mikwaruzo na alama za gundi alizoacha mwenyewe wa kwanza. Kijana huona haya kuifungua mbele ya wenzake chuoni, na mzazi akaanza kuwaza kukopa ili amnunulie mpya. Sura ya Al-Israa, aya ya 26 na 27, imetuonya vikali juu ya ubadhirifu. Mashine inayofanya kazi vizuri haihitaji kubadilishwa, inahitaji vazi.

Kupamba chombo cha elimu si jambo geni kwetu. Katika karne ya 18 na ya 19, waandishi wa Siyu, katika kisiwa cha Pate nchini Kenya, walinakili misahafu kwa mkono na kuinakshi kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano. Kanga nayo hutufunza mpangilio: pindo huzunguka pande zote, na mji hukaa katikati. Mpangilio huo ndio tutakaoufuata.

Vifaa ni vichache. Mafundi wanaobandika stika kwenye bodaboda na bajaji hubakiwa na vipande. Waombe wakuuzie masalio ya rangi mbili, moja ya kiza na moja ya kung'ara. Tafuta pia rula, penseli, wembe mpya, karatasi kubwa na boksi la kukatia.

Zima mashine, ichomoe kwenye umeme, kisha futa kifuniko kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na ukiache kikauke. Weka karatasi juu yake, chora umbo lake, na ukate kiolezo kikiwa pungufu kwa milimita 2 kila upande, ili kingo zisibanduke. Pembe zichore kwa kuzungushia sarafu. Kwa kiolezo hicho kata stika ya kiza.

Kazi ya kubandika ifanyike ndani, feni ikiwa imezimwa, kwa sababu punje moja ya vumbi huacha kinundu. Bandua sentimita 3 tu za karatasi ya nyuma, bandika ukingo huo, kisha endelea kidogo kidogo huku ukisukuma hewa kwa kadi iliyofungwa kitambaa. Kiputo kikibaki, kitoboe kwa sindano na ukikandamize.

Sasa kata miraba miwili ya rangi ya pili, yenye pande za sentimita 10. Bandika wa kwanza katikati. Wa pili uweke juu yake ukiwa umeuzungusha, pembe zake zielekee katikati ya pande za ule wa kwanza. Itatokea nyota ya ncha 8, umbo lile lile linaloonyesha robo ya hizbu katika misahafu mingi. Malizia kwa pindo la vipande vyenye upana wa sentimita 1.5.

Yapo ya kuchunga. Usizibe matundu ya kutolea joto, wala usifunike namba ya mashine iliyo chini, kwani huhitajika ikiibiwa. Epuka stika zenye utando wa madini: antena ya intaneti mara nyingi imo ndani ya kifuniko, na utando huo huweza kudhoofisha mawasiliano. Aya za Qur'ani zisibandikwe juu ya chombo kinachowekwa sakafuni na kuingizwa kila mahali. Na kwa kuwa hadithi sahihi zimekemea picha za viumbe wenye roho, nakshi za maua na maumbo ya hesabu zinatosha.

Mzazi, kazi hii ifanye pamoja na wanao: mkubwa apime, mdogo achague rangi, wembe ushike wewe. Fedha ambayo ingekwenda kwenye mashine mpya, pamoja na deni lake, ibaki kuwa ada ya muhula ujao, in shaa Allah.