Lami Mpya na Mwendo wa Magari (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza jinsi Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inavyomtaka dereva asizidi kilometa 50 kwa saa anapopita penye makazi ya watu. Leo tumgeukie mhandisi ambaye kazi yake ni kuhakikisha mwendo huo, au ule wa kilometa 30 mbele ya shule, unafuatwa kweli na haubaki kuwa tarakimu kwenye kibao. Kwa barabara za mitaani na vijijini mhandisi huyo yuko TARURA, wakala ulioanza kazi mwaka 2017 chini ya TAMISEMI. Barabara kuu na za mikoa ziko mikononi mwa TANROADS. Anayepeleka malalamiko na aulize kwanza barabara yake ni ya nani, asije akapoteza muda kwa kugonga mlango usiohusika.

Mtihani mgumu wa mhandisi huyu huanza siku ya furaha. Mtaa uliokula vumbi miaka nenda rudi unapata lami. Zamani mashimo yenyewe ndiyo yaliyokuwa askari: bajaji ilitambaa, lori liliyumba, na mtoto aliweza kuvuka huku anaongea na mwenzake. Lami ikishamwagwa, nyumba ni zilezile, genge ni lilelile na geti la shule bado linafungukia barabarani, lakini gari lililokuwa likipita kwa kilometa 20 sasa linapita kwa 60. Tukisema madereva wameharibika ghafla tunajidanganya. Ni watu walewale wa jana. Barabara pana, iliyonyooka na laini humwambia dereva akanyage mafuta, naye huisikiliza kuliko anavyosikiliza kibao.

Gharama ya ruhusa hiyo inahesabika. Tuchukue gari lenye breki nzima kwenye lami kavu, na dereva makini anayetumia sekunde moja kati ya kuona hatari na kukanyaga breki. Akiwa kwenye kilometa 30 kwa saa, atakuwa amesimama kabisa ndani ya mita 13 hivi. Akiwa kwenye 50, sekunde ile moja pekee inammalizia karibu mita 14, yaani pale mwenzake aliposimama yeye hata breki hajaigusa. Mtoto aliyechomoka mita 13 mbele atagongwa kwa kasi yote ya 50. Na nguvu ya kishindo hupanda kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo gari la kilometa 60 hubeba nguvu mara nne ya lile la 30. Ndiyo maana Azimio la Stockholm la Februari 2020 lilitaka mwendo usizidi kilometa 30 pale ambapo magari yanachanganyika na waenda kwa miguu na waendesha baiskeli.

Kabla ya kugusa chochote, mhandisi hupima. Kipimo chake ni ndugu wa tochi ya trafiki, lakini lengo ni tofauti, kwa kuwa yeye hamtafuti mkosaji. Anataka kujua barabara inawaendesha watu kwa kasi gani wakiwa huru. Kwa hiyo hukaa mahali pasipoonekana, maana madereva wetu wakihisi kuna askari mbele hupeana taarifa kwa kuwashiana taa, na vipimo vyote vinaharibika. Gari lililobanwa nyuma ya jingine halihesabiwi. Kisha huyapanga magari kuanzia la polepole hadi la kasi kuliko yote, na katika kila 100 hutazama la 85. Likiwa kwenye kilometa 58 mahali panapotakiwa 30, hapo jibu haliwezi kuwa kibao cha pili. Ni lazima barabara yenyewe iguswe.

Wananchi wao hudai matuta, na wana haki. Lakini tuta lina vipimo. Lile la mviringo lililofanyiwa majaribio katika maabara ya barabara ya Uingereza miaka ya 1970, ambalo limeenea duniani, lina urefu wa mita 3.7 kwenye mwelekeo wa gari na kimo cha sentimita 10. Likiwa fupi na kali humwangusha wa bodaboda na kumtesa mjamzito aliye ndani ya bajaji. Likikaa peke yake, dereva hupunguza, akavuka, kisha akafidia. Likiziba njia ya maji, mvua za masika zitaichimba lami ubavuni. Matuta ya udongo ambayo wakazi hujijengea usiku baada ya msiba tunaelewa uchungu wake, lakini hayana alama wala rangi, na anayeyafikia gizani huenda akawa marehemu wa pili.

Zipo njia nyingine: kivuko kilichoinuliwa, njia ya miguu iliyotengwa kwa nguzo fupi, njia za magari zilizopunguzwa upana. Wakati mwingine huhamishwa geti la shule tu, likaelekezwa barabara isiyo na magari mengi. Kazi za namna hii zimefanywa Dar es Salaam kupitia mpango wa SARSAI wa shirika la Amend, ulioshinda tuzo ya WRI Ross ya mwaka 2019, ya kwanza kabisa kutolewa. Wala haikuhitajika mitambo ya ajabu. Ni zege, rangi, vibao, na watu waliokwenda kutazama watoto wanapita wapi hasa.

Kinachonisikitisha ni kwamba mambo haya mara nyingi hufikiriwa baada ya mkandarasi kuondoka, wakati fedha zimekwisha na lazima lami mpya ikatwe. Yakichorwa tangu mwanzo, huingia kwenye mkataba uleule na kujengwa na mitambo ileile iliyopo kazini. Basi ndugu msomaji, mtaa wako ukitangaziwa lami, usisubiri siku ya uzinduzi. Nenda kwenye mkutano wa mtaa, omba mchoro uonyeshwe hadharani, na uulize mambo mawili: mtoto atavuka wapi, na ni kitu gani kitakachomlazimisha dereva kupunguza mwendo mahali hapo?

Itaendelea wiki ijayo.