Carcass na Chuma cha Matabibu

Katika nchi hii inayoanzia Bariadi na kushuka hadi Meatu, ambako Mwandoya imekaa baina ya mashamba ya pamba na malisho ya ng'ombe, hapana mtu anayehitaji kufundishwa kwamba ngoma yaweza kutisha na kupendeza kwa wakati mmoja. Mavuno yakiisha, zikawadia siku za mbina, yaani ngoma za mashindano, makundi mawili ya Bagika na Bagalu huingia uwanjani kushindania watazamaji kama walivyofanya mababu zao tangu karne ya 19. Hutoka mchezaji na chatu mabegani, na zamani walikuwako waliotoka na fisi, na umati ukarudi nyuma kwa hofu kisha ukasogea mbele kwa kutaka kuona, na kundi lililowavuta watu wengi likahesabiwa kuwa limeshinda. Mtu aliyezaliwa katika ada hiyo ana haki kuliko wengi ya kuusikiliza muziki ninaotaka kuueleza hapa, ambao watu wa miji mikubwa aghalabu huukimbia kabla wimbo wa kwanza haujamalizika.

Muziki huo huitwa deth metali, yaani metali ya mauti. Ulizaliwa katikati ya miaka ya 1980, Marekani kwanza, ambako kundi la Possessed la California lilitoa albamu yake ya kwanza mwaka 1985 na kundi la Death la Florida likaifuata kwa yake mwaka 1987, kisha ukaenea Uingereza, Sweden na kwingineko. Nyuzi za gitaa hulegezwa mpaka sauti yake inashuka chini sana, ngoma hupigwa kwa kasi ambayo sikio lisilozoea halitofautishi pigo na pigo, na mashairi yake husimulia vita, maradhi, ibada za giza na kuoza kwa mwili wa binadamu. Waimbaji wake hawaimbi kama tunavyojua kuimba, bali hunguruma. Watu wengi hudhani kwamba kunguruma huko ni kupiga kelele ovyo, na dhana hiyo si ya insafu: juu ya nyuzi za sauti tunazosemea ziko kunjo nyingine mbili za nyama ambazo katika mazungumzo ya kawaida hukaa kimya, na mwimbaji wa fani hii hujifunza kuzibana na kuzitetemesha kwa pumzi inayotoka chini ya mbavu, na asipojifunza vema huharibu koo lake kabla ya umri wake. Ni elimu ya mwili, nayo hutaka miaka.

Hapa Afrika Mashariki muziki huu una wenyewe. Nairobi imekuwa na makundi ya metali kwa miaka mingi, na mwaka 2020 vijana wawili wa huko, Martin Khanja na Sam Karugu, walitoa albamu kwa jina la kundi lao, Duma, kupitia kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ikasifiwa mbali na kwao. Lakini hao walikuwa bado wanaanza, na mimi leo nimekusudia kueleza jambo la wazee: kundi lililoanza ujanani, likavunjika, likapatwa na msiba, kisha likarudi studio wakati ambapo wenzao wengi walikuwa wakiishi kwa kurudia nyimbo za zamani tu. Mfano ulio bora katika hayo, kwa kadiri ya usikilizaji wangu, ni Carcass wa Liverpool na albamu yao ya mwaka 2013, *Surgical Steel*, yaani chuma cha pua kitengenezewacho vyombo vya upasuaji.

Carcass, ambalo maana yake ni mzoga, lilianzishwa mwaka 1985 na mpiga gitaa Bill Steer na mpiga ngoma Ken Owen, vijana wa shule bado, na baadaye akajiunga nao Jeff Walker, mpiga besi na mwimbaji. Albamu yao ya kwanza, *Reek of Putrefaction* ya mwaka 1988, ilirekodiwa vibaya hata gitaa na ngoma zikazama katika tope moja. Walakini John Peel, mtangazaji wa BBC aliyekuwa na sikio la kipekee, aliipenda na kuipigia upatu, na jina la vijana wale likatoka nje ya mji wao. Maneno ya nyimbo zao waliyachota katika kamusi za utabibu, wakayapanga majina marefu ya maradhi na viungo kwa vina na mizani. Fauka ya hayo, watu hawa walioimba juu ya nyama iliyooza walikuwa hawali nyama. Walimtazama binadamu kama mchinjaji anavyomtazama ng'ombe, ili msikilizaji ahisi katika mwili wake mwenyewe kile ambacho hakukihisi kwa ajili ya mnyama. Majalada ya albamu zao mbili za mwanzo, yaliyobandikwa picha za maiti za watu halisi, siyatetei. Maiti ana hadhi yake, na sanaa ingeweza kusema lile lile bila ya kuichukua hadhi hiyo.

Walivyokua, ustadi ulikua nao. *Heartwork* ya mwaka 1993 ilitia katika ukali ule nyimbo za gitaa mbili zinazofuatana kwa ulinganifu, tamu na za huzuni, na makundi mengi ya Sweden na kwingineko yakajenga juu ya msingi huo. Kampuni kubwa ya Columbia ikawachukua, mambo yasiende kama yalivyotarajiwa, na albamu ya *Swansong* ilipotoka mwaka 1996 kundi lilikuwa limekwisha kuvunjika. Steer akageukia bluzi katika kundi lake la Firebird. Walker na Owen wakajaribu kundi jingine, nalo halikudumu.

Kisha mwaka 1999 Ken Owen akapasukiwa mshipa wa damu katika ubongo. Mtu ambaye tangu ujanani alisaidia kuyatia maradhi katika nyimbo alilala bila fahamu kwa muda mrefu, akiwa mikononi mwa matabibu, na alipozinduka ilikuwa dhahiri kwamba siha yake haitamrudisha tena kwenye kiti cha ngoma. Mtu asiyejua kazi ya mpiga ngoma wa muziki huu hawezi kuupima msiba huo. Miguu miwili hukanyaga ngoma kubwa kwa zamu, mkono mmoja hutunza mwendo juu ya sahani za shaba, mkono mwingine hujibu, na viungo vyote vinne hutaka amri tofauti kutoka katika ubongo mmoja kwa wakati mmoja. Na ubongo ndio uliojeruhiwa. Kundi liliporudi jukwaani mwaka 2008, ngoma zilipigwa na Daniel Erlandsson wa Sweden, na katika baadhi ya maonyesho yale Owen alikaribishwa, akaketi penye ngoma kwa dakika chache, akapiga alivyoweza, na maelfu ya watu wakamshangilia kwa jina lake.

Kurudi jukwaani ni jambo moja, kutunga upya ni jambo jingine. Jukwaani mzee hulindwa na kumbukumbu za watazamaji wake, kwa kuwa wimbo ukidhoofika wao huujaza kwa yale wanayoyakumbuka. Studio haina huruma hiyo. Mwaka 2012 Erlandsson na mpiga gitaa Michael Amott, ambao walikuwa na kundi lao la Arch Enemy, waliondoka, wakabaki Steer na Walker, wote wamepita umri wa miaka 40, na wakamchukua kijana aitwaye Dan Wilding apige ngoma. Gitaa zote za *Surgical Steel* alipiga Steer peke yake. Colin Richardson, mtayarishaji aliyesimamia kazi zao za zamani, alisimamia na albamu hii, na kazi ya kuchanganya sauti ikamaliziwa na Andy Sneap. Kampuni ya Nuclear Blast ya Ujerumani ikaitoa Septemba 2013, miaka 17 baada ya *Swansong*.

Albamu yaanza na kipande kifupi kisicho na maneno, ambacho jina lake ni *1985*, mwaka wa kuzaliwa kwa kundi. Gitaa moja laingia polepole, kisha jingine, la mkono ule ule, likapanda juu yake, na mbili hizo zikaongozana kwa sauti iliyokaribia tenzi ya maombolezo. Msikilizaji asiyeambiwa hangejua kwamba ameingia katika nyumba ya metali. Halafu mlango wafunguliwa kwa nguvu. *Thrasher's Abattoir*, wimbo usiofika dakika mbili, wafyatuka kwa kasi ya ujana wao wa kwanza, na Walker, ambaye sauti yake haingurumi chini kama ya wengine bali hukwaruza juu, kavu na yenye ghaidhi, atamka kila neno likasikika. Nasisitiza jambo hili kwa sababu katika fani ambayo maneno aghalabu humezwa, yeye hatupi herufi. Nyuma yake, mahali mahali, yasikika sauti nzito ya kuitikia: ni Ken Owen, aliyeletwa studio akaimbe, kwa kuwa mikono haikuweza tena lakini koo liliweza. Hawakumtaja kwa shukrani katika jalada tu kama wafanyavyo watu kwa marehemu, walimpa kazi. Katika albamu nzima hilo ndilo linigusalo zaidi.

Nyimbo nyingine zina majina ambayo fundi wa kiwandani angeyaelewa kabla ya mshairi. Mmoja umetajwa kwa daraja la chuma cha pua, 316L, chenye kaboni kidogo na kiasi cha molibdeni ili kisishikwe na kutu. Mwingine, mrefu na wenye vipande vingi vinavyogeuka ghafla, watajwa kwa kutokidhi kiwango cha Kimarekani cha vyuma vya kutengenezea vyombo vya upasuaji. *Captive Bolt Pistol* ni ile bastola ya kumzimishia ng'ombe machinjioni. Na jalada halina maiti tena: ni vyombo vya tabibu, safi, vimepangwa duara juu ya weupe, kama walivyovipanga zamani katika santuri yao fupi ya mwaka 1992. Hapa naona akili ya umri. Vijana walitutisha kwa kidonda. Watu wazima walituonyesha kisu kilichotakaswa, wakatuachia wenyewe kufikiri kisu hicho kitapita wapi.

Ziko nyimbo mbili ambazo sisi wa nchi ya pamba tuna sababu ya kuzisikiliza kwa uzingativu. *The Master Butcher's Apron* umechukua jina lake katika tusi la zamani ambalo wapinzani wa dola, hususan Waayalandi, waliibandika bendera ya Uingereza, wakisema kwamba ni aproni ya mchinjaji iliyorukiwa damu. Bendera hiyo ndiyo iliyopepea juu ya boma zetu mpaka Desemba 1961. Na *The Granulating Dark Satanic Mills* umeazima jina lake kutoka kwa mshairi William Blake, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 19 juu ya vinu vya giza, ambavyo wasomaji wengi wamezoea kuvifahamu kuwa ni viwanda vya Uingereza. Viwanda hivyo vya Lancashire vilikula pamba, na bandari iliyovilisha ilikuwa Liverpool, mji wa Carcass, ambao soko lake la pamba lilikuwa kipimo cha bei kwa wakulima wa mbali wasiopata kuuona. Mwaka 1902 wenye viwanda wale waliunda chama cha kuhimiza pamba ipandwe katika makoloni. Baadaye kituo cha utafiti cha Ukiriguru, karibu na Mwanza, kikazaa mbegu zenye alama ya UK, ambazo kizazi chake bado chapandwa Simiyu, mkoa uongozao kwa pamba nchini. Sidai kwamba Walker alipokuwa akitunga alimfikiria mkulima wa Meatu. Lakini mtoto wa mji uliotajirika kwa jasho la mbali anapoiita bendera ya kwao aproni ya mchinjaji, maneno hayo yana wasikilizaji hapa.

Je, ni albamu isiyo na dosari? La. Katikati nyimbo mbili tatu zafanana mwendo mno, na *Mount of Execution*, wimbo wa mwisho unaoanza kwa gitaa lisilo la umeme na kupita dakika nane, nadhani ungeweza kuaga mapema. Tena *Heartwork* ingali juu yake, kwa sababu ile ilifungua njia, nayo hii yatembea katika njia iliyokwisha kufunguliwa. Lakini ukiweka kando kulinganisha, hutasikia humo watu wanaojifanya vijana. Mwendo ni wa kasi pale inapostahili na wa taratibu pale inapostahili; mapigo ya Steer ya gitaa la solo yana bluzi aliyojifunza katika miaka ya kutengana, ikaja ikatia utu ndani ya ukali; na nyuzi zake, zilizoshushwa hatua mbili na nusu chini ya kawaida ya gitaa, zatamka kila noti wazi, jambo ambalo albamu yao ya kwanza haikuweza kabisa. Ningi, yaani mtunzi wa nyimbo za mbina, aliyekwisha zeeka, ambaye magoti yake hayamruhusu kuruka lakini msimu ukifika bado atunga wimbo mpya wa kulishinda kundi la upande wa pili, angewaelewa watu hawa bila mkalimani.

Msikilizaji wa mara ya kwanza ningemshauri asianze na maneno. Asikilize *1985* na wimbo unaofuata mara moja kwa ajili ya gitaa tu, kisha mara ya pili kwa ajili ya ngoma za Wilding tu, akifuata ule mguu wa kulia na wa kushoto mpaka apate kuzitenganisha. Mara ya tatu sauti ya Walker itakuwa imekwisha kupata mahali pake, na kile kilichokuwa ghasia kitakuwa na milango na vyumba.

Ilipita miaka minane kabla hawajatoa albamu nyingine. *Torn Arteries*, mishipa iliyochanika, ilitoka Septemba 2021, na jalada lake laonyesha moyo wa binadamu uliotengenezwa kwa mboga, ukioza hatua kwa hatua kwa kuigiza michoro ya kale ya Kijapani ya kuoza kwa mwili. Jina la albamu hiyo hawakulibuni upya: walilichukua katika kanda ambayo Ken Owen aliirekodi mwenyewe katika miaka ya 1980, alipokuwa kijana na mikono yake mizima.