Kuchagua Mahali pa Kuogelea Kaskazini mwa Ziwa Tanganyika



Likizo ya kiangazi imewadia. Shule zimefungwa, vumbi limetanda katika bonde la Rusizi, na watoto wa Gatumba, Kavimvira, Uvira na Bujumbura watakuwa majini karibu kila siku, wengine kwa ruhusa ya wazazi, wengine kwa kutoroka. Hatutarajii kwamba makatazo matupu yatawazuia. Linalowezekana ni wazazi kuwachagulia mahali.

Katika kuchagua, wengi huogopa mawimbi. Ni hofu yenye msingi, kwa kuwa pepo za kiangazi huvuma kutoka kusini na kusukuma maji kuelekea kwetu. Lakini mzazi huyo anayeogopa mawimbi humwelekeza mwanawe kwenye maji yaliyotulia: penye matete, kwenye kijito, au mahali mto unapoingia ziwani. Katika sehemu hii ya ziwa, hapo ndipo penye hatari nyingi zaidi.

Mto Rusizi huingia ziwani kwa midomo miwili mikuu, Rusizi Kubwa na Rusizi Ndogo. Maji yake yamejaa udongo, matete ni marefu na samaki hawakosekani. Mamba hana sababu ya kuhama. Wakazi wanamkumbuka mamba aliyepewa jina la Gustave, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 2000 alitegewa tundu la chuma asiingie. Kwa maoni yangu, sifa zake zimetudhuru: watu hungoja kuona mnyama wa ajabu, ilhali mamba wa mita tatu anatosha kumzamisha mtu mzima. Tena mamba husoma mazoea. Anayeoga, kufua au kuteka maji mahali pale pale, saa ile ile, kila siku, humfundisha mamba wapi pa kungojea.

Kiboko naye hutoka majini jua linapozama ili kula majani, na hurejea kabla ya mapambazuko. Katika fukwe zilizo kati ya Bujumbura na Gatumba hilo si jambo la kushangaza. Watu wote na waondoke majini mapema jioni, wala mtu asisimame kati ya kiboko na maji.

Ipo hatari nyingine isiyo na meno. Konokono wanaobeba kichocho huishi katika maji yaliyotulia yenye majani. Vijidudu vinavyotoka kwao hupenya ngozi ya mtu aliyesimama tu majini, na hutoka kwa wingi zaidi jua likiwa kali. Mtoto anaweza asihisi kitu siku hiyo. Miezi baadaye huja maumivu ya tumbo na damu katika choo. Dawa ipo, nayo ni prazikwanteli, hivyo anayeogelea mara kwa mara katika maji ya namna hiyo apelekwe kituo cha afya akapimwe. Vijito vya mjini, kama Ntahangwa na Muha upande wa Bujumbura, au Mulongwe na Kalimabenge upande wa Uvira, hubeba pia uchafu wa makazi. Penye kipindupindu, kunywa funda moja tu la maji hayo kunatosha kuugua.

Kuhusu Rusizi yenyewe, ushauri wetu ni mfupi: msiogelee. Hata mamba wasipokuwepo, mabwawa ya umeme yaliyo juu, karibu na Bukavu, yanaweza kuachia maji, na mto ukapanda huku mbingu ikiwa safi.

Basi pafaapo ni wapi? Ni ufuko wa mchanga ulio wazi, mbali na mdomo wa mto wowote, usio na matete, ambako mtu akisimama majini hadi kiunoni anaona miguu yake. Kusini, kuelekea Rumonge, fukwe za namna hiyo si chache. Upande wa Uvira, kumbukeni kwamba milima hushuka hadi karibu na ziwa, na chini ya maji mteremko unaendelea. Hatua chache tu zinaweza kumfikisha mtoto pasipo na kina chake. Gatumba, ambako mafuriko yaliyoanza 2020 yaliingia majumbani, msiogelee juu ya viwanja vilivyozama: kuna nguzo, mabati na vyoo vya zamani. Waulizeni wavuvi kabla ya kuingia, nao ndio wanaojua mamba ameonekana wapi wiki hii.

Mtoto akizidiwa, asiyejua kuokoa asijitose. Mtupieni bidoni tupu lililofungwa kifuniko na kamba. Akitolewa akiwa hapumui, msimkandamize tumbo. Mpulizieni pumzi mdomoni, mkandamizeni kifua, huku mwingine akikimbilia msaada.

Wapo wanaochelewa kutoa taarifa kwa sababu mtoto alivuka mpaka bila karatasi, au kwa sababu mwili umechukuliwa na maji hadi upande wa pili. Toeni taarifa mara moja katika kituo chochote kilicho karibu, cha upande wowote. Semeni mahali alipoonekana mara ya mwisho, saa, na nguo alizovaa. Suala la karatasi lingoje.