Mzigo wa Afisa Ustawi: Istilahi za Kumsaidia Anayesaidia

Madhumuni ya makala haya ni kuzungumzia kundi dogo la istilahi ambazo bado hazijatulia katika lugha yetu. Nazo ni zile zinazomhusu mfanyakazi wa ustawi wa jamii mwenyewe: si kwa habari ya kazi anayowafanyia wengine, bali kwa habari ya hali inayompata kutokana na kazi hiyo, na msaada anaostahili kuupata. Mifano yetu tutaitoa katika Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, pamoja na mji wa Mikumi uliomo wilayani humo, kwa sababu huko sura nyingi za kazi hii huonekana mahali pamoja.

Kazi yenye jina

Kitenzi "stawi" ni cha shambani. Mahindi yakipata mvua husemwa yamestawi. Kutokana na kitenzi hicho tumepata jina "ustawi", na baadaye "ustawi wa jamii", yaani hali ya watu kuishi vyema pamoja. Istilahi hii imezoeleka hata imefupika. Mama aliyetelekezwa na baba wa mtoto wake husema, "Nitampeleka ustawi," na kila asikiaye hufahamu kwamba ipo ofisi inayoshughulikia matunzo ya watoto, migogoro ya ndoa na watu wasio na wa kuwatazama. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imemtaja afisa ustawi wa jamii na kumpa wajibu wake. Hali kadhalika Taasisi ya Ustawi wa Jamii, iliyoko Dar es Salaam, hufundisha taaluma hii.

Hivyo basi kazi ina jina, ofisi ina jina na chuo kina jina. Kilichokosa jina lililokubalika ni kile kinachompata afisa huyo baada ya kuibeba kazi hiyo kwa muda mrefu.

Uzito wa kazi yenyewe

Mwezi Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, mgogoro wa wakulima na wafugaji uligeuka mapigano, na watu 38 wakauawa. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, mto Mkondoa ulivunja kingo zake ukaufurikia mji wa Kilosa; reli ya kati iliharibiwa, na maelfu ya watu waliokosa makazi wakahifadhiwa kambini. Upande wa Mikumi iko barabara kuu iendayo Zambia, inayopita katikati ya Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1964. Barabara hiyo huleta biashara, lakini huleta pia ajali, na watoto waliokimbia makwao kutafuta maisha mahali magari yanaposimama.

Katika misiba ya namna hii anatakiwa mtu wa kuwaandikisha walionusurika, kuwatafuta jamaa za watoto waliopotea, na zaidi ya yote kusikiliza. Kusikiliza huko hakuishi kambi inapofungwa. Kesho yake ofisini anamngoja mtoto aliyepigwa, na kesho kutwa mzee aliyefukuzwa na wanawe.

Sasa tumfikirie afisa ambaye, baada ya miaka kadhaa, anaona moyo wake umekufa ganzi. Anakwenda kwa mkuu wake wa kazi. Aseme nini? Akisema, "Nimechoka," ataambiwa apumzike Jumapili. Akisema, "Naumwa," atadaiwa cheti cha daktari. Akisema, "Nimeshindwa," amejishtaki mwenyewe. Maneno aliyo nayo yanamtaka achague mojawapo kati ya uvivu, ugonjwa na aibu. Aghalabu huchagua kunyamaza.

Maana inayotafutiwa neno

Hali hii si ya Kilosa peke yake. Mwaka 1974, Herbert Freudenberger, mwanasaikolojia wa New York, aliieleza katika maandishi yake baada ya kuiona kwa watu waliojitolea kuhudumia wengine, naye mwenyewe akiwamo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliifafanua kuwa ni matokeo ya shinikizo la muda mrefu kazini ambalo halikushughulikiwa ipasavyo. Dalili zake ni tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi moyoni, hata kuichukia, na kuona kwamba ufanisi umepungua. Shirika hilo lilisema wazi kuwa hali hiyo inahusu kazi, na halikuiweka miongoni mwa magonjwa. Neno la Kiswahili halina budi kuzingatia jambo hilo, lisije likamfanya afisa kuwa mgonjwa.

Uteuzi wa neno

Yako maneno matatu yanayofaa kupimwa. La kwanza ni "uchovu wa kazi". Linaeleweka upesi, lakini upungufu wake ni kwamba uchovu huondoka kwa usingizi, na hali tunayoizungumzia haiondoki hivyo. La pili ni "uchakavu". Hili lina picha nzuri ya kitu kilichotumika mpaka kikaisha, ila limekwisha kutwaliwa na wahasibu kwa maana ya kupungua thamani ya mali. Aidha, kitu kilichochakaa hutupwa, na mtu si jembe.

La tatu ni "kulemewa", nasi tunalipendekeza hili. Kwanza, ni neno la nyumbani, lisilohitaji kamusi. Pili, liko katika kauli ya kutendwa: anayelemewa hakutenda kosa, bali ametendwa na mzigo. Kwa hiyo swali la mkuu wa kazi hubadilika. Badala ya kuuliza, "Mtu huyu ana kasoro gani?" hana budi kuuliza, "Mzigo huu una uzito gani, na nani alimtwika?" Tatu, kitenzi chaweza kuwa jina bila kuongezwa kitu: "kulemewa kazini". Linaweza kuandikwa katika taarifa ya utumishi bila kumfedhehesha mtu.

Kulemewa huku kutofautishwe na athari ya kusikiliza habari za kutisha. Wataalamu wa afya ya akili wamelitwaa neno la zamani "kiwewe", lililokuwa na maana ya kuchanganyikiwa kwa hofu, wakalipa maana ya jeraha la nafsi litokanalo na tukio baya. Afisa hakuwako tukio lilipotokea, lakini amelisikia mara mia. Hali hiyo twaweza kuiita "kiwewe cha msikilizaji". Mtu aweza kulemewa kwa wingi wa majalada bila kuwa na kiwewe, na aweza kupata kiwewe kwa jalada moja tu.

Majina ya msaada

Msaada nao unahitaji majina yanayofaa. "Ushauri nasaha" lilienea sana wakati wa mapambano dhidi ya UKIMWI, ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Ni istilahi njema, lakini humweka mmoja juu na mwingine chini: mtaalamu anayejua na mtu anayeshauriwa. Afisa aliyezoea kuwashauri wengine huona taabu kuketi kwenye kiti cha pili.

"Usimamizi" nao una historia yake. Katika taaluma hii, usimamizi maana yake ni afisa mzoefu kukaa na mwenzake, kupitia naye mashauri magumu na kumtegemeza. Lakini katika sehemu za Kimamba, palipokuwa na mashamba makubwa ya mkonge, msimamizi huweza kumkumbusha mtu mnyapara aliyehesabu mafungu. Hivyo pafaa kusemwa "usimamizi wa kitaaluma", ili maana ya kukagua isifunike maana ya kutegemeza.

Kwa vikao ambavyo maafisa hukutana wenyewe kwa wenyewe, tunapendekeza "kikao cha kutuana mizigo". Msomaji anajua kwamba mwenye ndoo nzito kichwani husema, "Nitue," na aliye karibu humsaidia kuishusha. Hata katika siasa ya maji, usemi wa kumtua mama ndoo kichwani umeshika kwa sababu kila mtu ameiona picha hiyo. Kauli ya kutendana inaonyesha kuwa leo unanitua, kesho nitakutua. Hapana aliye juu wala aliye chini. Wahenga walisema, "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi," yaani ni mwepisi machoni pa asiyeubeba. Kikao hiki ni cha wale waliowahi kuubeba.

Mwisho, vitu vimsaidiavyo afisa, kama vile likizo, usafiri wa kufika vijijini, kitabu cha mwongozo au chumba cha faragha, visiitwe "rasilimali", neno lenye asili ya mtaji wa mfanyabiashara. Viitwe "nyenzo". Nyenzo asili yake ni kifaa cha kuinulia au kusukumia kitu kizito, na hiyo ndiyo kazi yake hapa.

Hitimisho

Istilahi peke yake haimtui mtu mzigo. Hata hivyo, jambo lisilo na jina haliandikwi katika fomu, haliingizwi katika bajeti wala halijadiliwi katika kikao cha halmashauri. Siku afisa wa Mikumi atakapoweza kuandika, "Nimelemewa kazini, naomba kikao cha kutuana mizigo," na mkuu wake akaelewa bila kucheka wala kukasirika, lugha itakuwa imetimiza sehemu yake. Wasomaji, hasa walio katika kazi hiyo, wanaombwa wayapime maneno haya katika matumizi na kuleta maoni yao.