Saa 15 angani: Tofauti ya majira isimkoseshe mwanao dawa

KUTOKA Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, Nairobi, hadi ule wa John F. Kennedy, New York, ni takriban kilomita 11,800. Tangu Oktoba 2018, Kenya Airways ilipoanza safari ya moja kwa moja, familia zinaweza kuumaliza umbali huo bila kubadilisha ndege: karibu saa 15 kwenda, na 14 kurudi.

Kwa mzazi ambaye mtoto wake anatumia dawa kila siku, hesabu ya saa hizo si jambo dogo.

Ndege ikiondoka Nairobi saa 5 usiku mwezi Januari, hutua New York saa 12 asubuhi. Ukisoma tiketi haraka, utadhani ni safari ya saa saba. Kumbe New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa nane, au saba wakati wa kiangazi chao.

Chukulia mtoto mwenye kifafa anayemeza dawa kila baada ya saa 12, na amemeza saa 2 usiku kabla ya kuondoka. Dozi inayofuata ni saa 2 asubuhi ya Nairobi, akiwa bado angani. Mzazi akisubiri ifike saa 2 asubuhi ya New York, mtoto atakuwa amekaa saa 20 bila dawa. Kukosa dozi ni mojawapo ya mambo yanayoweza kuleta kifafa upya.

Kwa hiyo, hesabu saa zilizopita tangu dozi ya mwisho. Simu hubadilisha majira yenyewe mkitua, hivyo vaa saa ya mkononi iliyobaki na majira ya Nairobi. Dawa zikae kwenye mkoba unaoingia nao ndani, pamoja na barua ya daktari. Insulini isiwekwe kwenye mizigo ya chini, kwani inaweza kuganda na kuharibika.

Hewa ya ndani ya ndege ni kavu, unyevu wake kwa kawaida uko chini ya asilimia 20, na oksijeni hupungua. Mtoto mwenye selimundu anahitaji ushauri wa daktari kabla ya safari, na maji ya kutosha njiani.

Masikio huuma zaidi ndege inaposhuka. Mwamshe mtoto mapema. Mchanga anyonye, mkubwa atafune kitu.

Watu wazima nao wasikae tu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema safari ya saa nne au zaidi huongeza takriban mara mbili uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa ya miguu. Simama, tembea, nyoosha vifundo.

Muone daktari wiki chache kabla ya safari, ukiwa na tiketi mkononi, akupangie saa za kila dozi, ya kwenda na ya kurudi.